Mifuko Minne ya Mchanga

Kazi yangu pale chuo cha urubani ilikuwa usafi. Asubuhi nafagia madarasa mawili na ofisi ya mkuu, napiga deki ukumbi, halafu natoka nje na ndoo yangu kuosha vioo vya ndege. Ndege zilikuwa tatu, ndogo, za watu wanne, mabawa yamekaa juu ya paa. Kioo cha ndege hakioshwi kama kioo cha dirisha. Unachukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikalainika, unapangusa kwa kushuka tu, juu chini, juu chini. Ukizungusha mkono unaacha mikwaruzo ya duara, na jua likipiga hapo rubani haoni kitu. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza, na kwa miaka tisa sikuzungusha mkono hata mara moja.

Na kwa miaka hiyo tisa sikupanda ndege hata moja. Nilizijua kwa nje tu, kama unavyomjua jirani asiyekukaribisha ndani.

Siku hiyo, saa saba mchana ilishapita, nikamkuta Mwalimu nyuma ya banda la ndege amesimama na kuangalia viatu vyake. Vilikuwa vimejaa mchanga. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, suruali yake ina mkunjo kama wembe, na kumwona amechafuka ilikuwa kama kumwona amevua nguo.

"Panya," akasema. "Panya wametoboa mifuko, Bibi."

Chuo kilikuwa na mifuko minne ya mchanga iliyoshonwa kwa kitambaa kigumu, kila mmoja kilo kumi na nane. Kazi yake ilikuwa kuwekwa kiti cha nyuma. Ndege ikibeba uzito nyuma, tabia yake inabadilika, pua inataka kupanda yenyewe, na mwanafunzi lazima aijue tabia hiyo kabla hajafanya mtihani. Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa msichana mmoja mwembamba ambaye wenzake walimbatiza Sindano. Mtihani wake ulikuwa kesho yake asubuhi, na somo la uzito lilikuwa limebaki hilo hilo moja.

Sindano alikuwa amesimama pembeni, kofia ya masikio ya kusikilizia redio imemning'inia shingoni, macho yamemjaa machozi ambayo hataki yaonekane.

Mwalimu akaniangalia juu mpaka chini.

"Bibi, una kilo ngapi?"

"Mwalimu, mwanamke haulizwi swali hilo mbele ya watu."

"Basi panda mizani ya mizigo. Sisi tutafumba macho."

Nikapanda. Sabini na tatu.

"Umezidi mchanga kwa kilo moja," akasema.

"Hiyo ya viatu."

Sindano akacheka, na machozi yakapata njia ya kushuka bila aibu. Nikisema nililazimishwa nitakuwa mwongo. Nilivua aproni yangu ya kazi, nikafunga kilemba vizuri, nikasema twendeni.

Kulikuwa na jambo la fomu. Fomu ya safari ilishajazwa, ikapigwa muhuri, na nakala yake iko mnarani kwa mwongoza ndege: watu wawili, na mifuko minne ya mchanga nyuma. Pale chuoni fomu haikatwi neno. Ukikata, mkuu anairudisha yote, uandike upya, atie saini upya. Mkuu mwenyewe alikuwa mkutanoni mpaka saa kumi. Watu wa pale walikuwa wanaogopa fomu yenye mkato kuliko ndege yenye kasoro. Mwalimu alikuna kichwa, akasema, "Dakika arobaini tu. Uzito ni ule ule, ndege haijui tofauti." Akaiacha fomu ilivyo. Mimi nami nilikubali kuwa mchanga, sikuona ubaya wowote.

Mawingu yalikuwepo, yamekaa mbali upande wa vilima, ya kijivu, kama pamba iliyotolewa kwenye godoro kuukuu. Mnarani walikuwa wamesema mvua itafika baada ya saa kumi. Mwalimu aliyatazama, akatazama saa yake, akasema tutakuwa tumerudi kabla hayajajua tulikwenda wapi.

Nilikaa kiti cha nyuma, mkanda tumboni. Nyuma yangu kulikuwa na nafasi ya mizigo, na humo turubai zito la kuifunikia ndege. Ndege ilipoachana na ardhi nilishika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mchanga haushiki viti," Mwalimu akasema bila kugeuka.

Tulicheka wote watatu. Niliona bati la nyumba yangu, lile lenye kiraka cha buluu, dogo kama kifuniko cha sufuria. Niliona barabara ninayoitembea kila siku kwa dakika ishirini na tano, nikaimaliza kwa jicho moja. Nilifurahi, nisifiche.

Sindano alipunguza mwendo wa ndege kama alivyoambiwa, akaikunja kulia, akaikunja kushoto.

"Pua inapanda yenyewe, Mwalimu."

"Bibi huyo anakuvuta mkia. Sukuma mbele kidogo. Usipigane nayo, ibembeleze."

Walikuwa wanatazama mbele na kwenye saa zao nyingi zile, na kila mara Mwalimu alitupia jicho yale mawingu ya vilimani. Lakini wingu lililokuja halikutoka huko. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuliona, kwa kuwa sikuwa na kazi ya kutazama mbele. Niligeuza shingo niuangalie uwanja wetu umebaki wapi, nikakuta nyuma hakuna kitu. Kuna ukuta mweusi, chini yake umechanika kwa mvua. Nikanyamaza. Nilijiambia hawa ndio wenye kazi yao, watakuwa wameshaliona. Mpaka leo najiuliza ningesema dakika ile ingekuwaje.

Zikapita kama dakika tatu. Sindano akaikunja ndege turudi, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, uwanja siuoni."

"Niachie mimi."

"Nimekuachia."

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mvua ilipiga kioo cha mbele mpaka ikawa kama tumeingizwa ndani ya ndoo. Mwalimu aliishusha ndege chini ya wingu, tukafuata bonde, miti huku na miti huku, akaongea na mnara kwa maneno mafupi mafupi. Mnara ulijibu kwa mkoromo. Halafu upepo ukatukandamiza, kama mtu amekaa juu ya paa. Injini ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote na bado tunashuka. Nikaona vilele vya miti vimekuwa sawa na dirisha langu. Watu huniuliza kama nilisikia kishindo. Sikusikia. Nilisikia matawi, mlio kama wa mtu anayechana shuka kubwa, basi.

Nilipopata fahamu nilidhani niko kitandani nimejifunika gubigubi. Kulikuwa na giza la kahawia. Kitu kizito kimenilalia kifuani, nami nikataka kukisukuma kwa mkono wa kulia, mkono haukuja. Ulikuwa chini yangu. Wa kushoto ulikuja, nikapapasa. Nikajua kwamba kile kiti nilichokalia kimeng'oka sakafuni, kimenikunja nacho na kunisukuma nyuma, mpaka mahali pa mizigo, na turubai limenimwagikia juu. Miguu nilikuwa nayo lakini sikujua iko wapi. Ndege ilikuwa imelala pua juu kidogo, mkia chini, na chini kule palikuwa na maji. Niliyasikia kabla sijayahisi.

Kupumua kuliwezekana kidogo kidogo. Ukivuta pumzi kubwa, kiti kinakataa. Kwa hiyo nilijifunza pumzi za sahani ya chai: unavuta kidogo, unaachia, unavuta kidogo. Mbele nilisikia Mwalimu anakoroma kama aliyelala vibaya, na Sindano akilia kwa kinywa kisichofunga.

"Sindano," nikasema. Lilitoka kama upepo. Kilio kikanyamaza kidogo, nikajua kasikia. Hakunijibu kwa neno, alijibu kwa mlio tu, na huo mlio ulinitisha kuliko mvua.

Sijui tulikaa muda gani. Bati la ndege ni jembamba, mvua ikipiga huwezi kusikia hata mawazo yako. Kisha zikaja sauti za wanaume, nyingi. Wakata miti walikuwa wametuona tunaanguka, wakaita zimamoto. Nilimshukuru Mungu. Nikasema, basi, yamekwisha, nisubiri tu zamu yangu. Kusubiri nakuweza, nimelea watoto sita.

Wakawasha msumeno wa mashine. Ule mlio ukaingia ndani ya bati, ndani ya kiti, ndani ya meno yangu. Ulipotulia kidogo nikasikia mmoja anauliza:

"Wangapi hawa?"

"Karatasi ya mnarani inasema wawili."

"Na huku nyuma?"

"Mchanga. Mifuko minne."

Mwanga wa tochi ukapita juu ya turubai. Niliuona umekuwa wa rangi ya chai, ukatembea taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukapita usoni kwangu, ukaendelea.

"Ndiyo, naiona. Imefunikwa."

Nikasema, "Mimi." Ndilo neno pekee nililokuwa na pumzi yake. Wakati huo huo mashine ikaguruma tena.

Walimtoa Mwalimu kwanza. Halafu Sindano. Nilisikia anahangaika, nikasikia kitambaa kinachanika, kumbe kamshika mtu mkono wa koti hataki kumwachia.

"Tulia, dada. Usiongee, taya limevunjika."

"Anaonyesha nini huko nyuma?"

"Maumivu hayo. Mshike mikono asijiumize. Haya, inua!"

Mlio wake ukaenda unapungua, unapungua, mlango wa gari ukafungwa. Magari yakaondoka moja baada ya jingine, yakisota kwenye matope. Mtu mmoja akapaza sauti: "Wewe baki hapo! Mtu asiguse kitu mpaka wachunguzi waje kesho!"

Kesho.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri niko wapi. Nilianza kuwapitia mmoja mmoja watu wanaoweza kunitafuta. Binti yangu, ninayeishi naye, ananitegemea saa kumi na moja. Nikichelewa atasema nimejikinga mvua mahali. Chuoni hakuna aliyetuona tukipanda. Waliojua kwamba mimi niko ndani ya ndege walikuwa wawili tu duniani, mmoja kazimia na mmoja hana taya. Nilimkumbuka Mwalimu na suruali yake yenye mkunjo, nikataka kumkasirikia, nikaona hasira inataka pumzi kubwa. Nikaiacha.

Maji yalikuwa yamefika kiunoni. Tulikuwa tumeangukia kwenye mtaro wa shamba la miti ya mbao, na mvua yote ya kile kilima ilikuwa inapita hapo hapo.

Yule aliyebaki alikuja kujikinga chini ya bawa, karibu kabisa na mimi. Tulitenganishwa na bati lisilozidi unene wa kadi. Nilimsikia akikung'uta mwavuli. Nilimsikia akisonya.

"Nilinde nini sasa?" akajisemea. "Nani ataiba ndege iliyovunjika? Ataipeleka wapi, chumbani kwake?"

Nikagonga bati kwa kifundo cha kidole. Mara tatu.

Mwavuli ukamdondoka.

Nikagonga tena, mara tatu.

"Nani?"

Nikakusanya pumzi zangu zote ndogo, nikazitoa kwa pamoja. "Mimi."

Kilichofuata ni buti za mpira zikipiga matope, pwata pwata pwata, zikaenda na kupotea. Mguu niponye. Kama ningeweza kulia ningelia, lakini nilivyokuwa nimebanwa, hata kulia kulihitaji nafasi. Nilibaki kutazama msumari mmoja wa bati uliokuwa mbele ya pua yangu, wenye kichwa cha mviringo, umepakwa rangi nyeupe na rangi imebanduka upande mmoja kwa umbo la figo. Ule msumari naujua kuliko ninavyozijua nyuso za wakwe zangu.

Baadaye buti zikarudi, polepole, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Alikuwa amesahau mwavuli.

"Kijana," nikasema.

"Sikiliza!" Alikuwa amesimama mbali na bati. "Mimi nimetumwa tu. Sijamkosea mtu. Nina watoto watatu."

"Mimi nina sita. Njoo uniondolee hiki kiti."

"Kama wewe ni mtu, kohoa."

"Mwanangu, nikikohoa nitakufa. Kitu kimenilalia kifuani. Wewe umesikia wapi mzimu umebanwa na kiti?"

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri.

"Lakini walitolewa wawili. Karatasi ilisema wawili na mchanga."

"Mimi ndiye mchanga."

"Mchanga unaongea?"

"Ingia ndani ulifunue hilo turubai, utauona mchanga una uso."

Akaingia kupitia mlango uliokatwa. Ndege ikatikisika, maji yakanipanda mpaka chini ya matiti, nikamwambia ole wako, taratibu. Turubai likaondoka usoni. Nikaona mwanga wa mchana, wa kijivu, na uso wa kijana wa miaka thelathini na kitu hivi, koti la mvua la manjano, mdomo wazi. Alikuwa mlinzi wa lile shamba la miti.

"Lo! Bibi!" akasema. "Bibi, unafanya nini humu?"



Alijaribu kuvuta kiti. Hakikusogea, ila ndege nzima ililia na kuteleza kidogo kuelekea mtaroni. Aliacha mara moja, mikono juu, kama aliyekamatwa akiiba. Akatoa simu. Pale bondeni hakukuwa na mtandao, mtandao uko juu barabarani, karibu na kibanda chake.

"Nakwenda kupiga simu. Narudi sasa hivi."

"Usiende," nikasema. Sikupanga kulisema. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umemshika kidole gumba, na ulikuwa na nguvu ambazo sikujua zimetoka wapi.

"Bibi, nisipokwenda maji yatakumaliza."

"Ukienda nitajuaje kama utarudi?"

Alifikiri tena. "Nitahesabu hatua kwa sauti. Utanisikia ninavyokwenda, na nikirudi utanisikia ninavyokuja."

Nikamwachia kidole. Akatoka, akaanza: moja, mbili, tatu, kwa sauti ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nilimsikia mpaka mia na kumi na nane. Baada ya hapo ikawa mvua tu. Nikaendelea kuhesabu badala yake, ili asipotee. Nilifika mia nne na kitu, nikachanganya, nikaanza tena mia tatu. Maji yalikuwa baridi, na kila nilipovuta pumzi kifua kilikutana na kiti huku na maji huku.

"Tisini! Themanini na tisa!" Alikuwa anarudi, akihesabu kinyumenyume. Nimesikia sauti nzuri nyingi maishani, lakini ile ya mtu asiyejua kuhesabu vizuri kinyumenyume, akiruka sabini na sita, naiweka juu.

Aliingiza uso. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Wamenicheka, Bibi. Zimamoto wanasema watu wao wamehesabu, wawili, karatasi wanayo mkononi. Wameniuliza nimekunywa nini. Nikampigia mtu wa mnarani, namba yake waliniachia walipoondoka. Naye anasema wawili. Anasema mifuko ya mchanga ikilowa hutoa sauti za hewa."

"Sauti za hewa."

"Ndivyo alivyosema."

Maji yalikuwa chini ya kwapa. Nilitulia. Nilijiambia, mwanamke, una pumzi chache, usizitumie kuwatukana watu walio mbali. Wao wameshika karatasi, na karatasi haiwezi kubishiwa kwa maneno ya mlinzi aliyelowa.

"Rudi," nikamwambia. "Usiwaambie kuna mtu. Mwambie huyo wa mnarani atume mtu nyuma ya banda la ndege. Ahesabu mifuko ya mchanga. Iko pale yote minne, imetobolewa na panya. Akishaiona, wewe muulize: kama mchanga uko pale, huku nyuma ya ndege kuna nini?"

Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa polepole, akatoka mbio bila kuhesabu. Hakukumbuka. Safari hii nami sikuhesabu. Nilitazama ule msumari. Maji yakafika shingoni, nikainua kidevu, kilemba changu kikagusa bati juu, na hapo nikajua nafasi iliyobaki ni ya upana wa kiganja. Nilisali kwa ufupi. Nilitaja watoto wangu wote sita kwa mpangilio waliozaliwa, kisha wajukuu, na wajukuu ndio walionichelewesha, kwa sababu ni wengi na kuna mapacha.

Nilikuwa kwenye mapacha niliposikia jembe.

Halikuwa karibu. Lilikuwa juu ya mtaro, kwa mbali, likiingia kwenye udongo uliolowa: chwa, chwa, chwa. Sikuelewa. Nilidhani masikio yameanza kunidanganya. Kisha maji yakaacha kupanda. Yakakaa pale pale kwenye kidevu, kama yanayofikiri. Kisha yakashuka, kidole kimoja, vidole viwili, mpaka mabegani.

Yule kijana alikuja akihema, matope mpaka kope.

"Nimeubomoa ukingo wa mtaro," akasema. "Maji yote nimeyatoa kwenye mistari ya miti. Mtaro huu nimeuchimba mimi na wenzangu mwaka juzi, najua unapobomoka. Msimamizi ataniua."

"Na simu?"

"Nimemwambia. Akasema subiri. Nikasikia anaita mtu, mtu akatoka mbio. Nikasubiri. Halafu, Bibi, nikasikia simu imeanguka. Haikukatika, imeanguka mezani. Kisha wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja."

Akakaa pale mlangoni, ndani ya maji, akanipa kile kidole gumba nikishike. Nikamwambia aongee, aongee chochote. Akaniambia habari za mama mkwe wake, ambaye alikuja kukaa wiki moja na sasa ni mwaka wa pili, na amehamisha kabati. Hakuliuliza kabati lenyewe wala mwenye nyumba. Nilimuuliza lilikuwa upande gani kwanza. Akanieleza mlango uko wapi, dirisha liko wapi, na nikaona kwamba mama mkwe alikuwa na haki, mahali pa kwanza lilikuwa linaziba mwanga, lakini sikumwambia.

Walipokuja walikuja kwa magari matano. Hakuna aliyeongea kwa sauti. Aliyeshika tochi mara ya kwanza nilimtambua kwa sauti yake, alikuwa anarudia, "Niliangalia. Wallahi niliangalia," na mwenzake akamwambia, "Kata." Waliifunga ndege kwa minyororo isiteleze, wakakata kiti vipande vipande, na kila kipande kilipoondoka pumzi yangu iliongezeka kipimo, mpaka nikavuta moja iliyofika tumboni. Iliniuma mbavu mpaka nikaona nyota. Nikavuta nyingine.

Walinibeba kwenye machela mpaka juu barabarani, mvua imebaki manyunyu, na mwanga wa jioni bado upo. Waliniambia Mwalimu kazinduka, miguu yote miwili imevunjika. Waliniambia hospitalini yule msichana alinyang'anya kalamu ya daktari akaandika kwenye shuka la kitanda, BIBI NYUMA, kwa herufi kubwa, na daktari alikuwa anapiga simu huku na mnara nao unapiga simu huku, hata wakakutana hewani. Nilikuwa nashughulika na kupumua.

Mlinzi alitembea kando ya machela. Tulipofika penye mtandao akanyoosha simu yake. "Mpigie mtu wako, Bibi, asije akasikia kwa wengine."

Namba ya binti yangu naijua kwa moyo. Alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Nani?"

"Mimi."

"Mama! Uko wapi wewe? Tangu saa kumi na moja tumesimama hapa barazani mimi na watoto, tumelowa chapachapa, ufunguo unao wewe! Nimekwenda kwa jirani, nimekwenda mpaka dukani, hakuna aliyekuona. Mdogo anapiga chafya. Umeona saa? Na hii simu ya nani?"

Nilishusha mkono wa kushoto kwenye mfuko wa gauni, nikapapasa. Ufunguo ulikuwepo.

"Ninao," nikasema.

"Najua unao! Ndiyo maana nakuuliza uko wapi! Mtu mzima, mvua kama hii, hata kuaga huagi..."

Mtu wa gari la wagonjwa alitaka kuichukua ile simu amweleze hali yangu. Nikamzuia kwa kiganja. Binti yangu ana sauti kali, ya kurithi kwa upande wa baba yake, na ikiwa karibu na sikio inawasha. Nikaibana simu vizuri kwenye shavu, nikafumba macho, nikamwacha anigombeze, na kila alipotaka kunyamaza nikamwambia, "Eeh, endelea," mpaka salio la yule kijana likaisha.